Ushuru wa vifaa vya ujenzi ukishuka: namna ya kupima hisa za wajenzi wa nyumba ukiwa Lubumbashi

Kongo haina soko la hisa. Mtu wa Lubumbashi anayetaka hisa za wajenzi wa nyumba hununua za New York kupitia simu: D.R. Horton, Lennar, PulteGroup, au mfuko wa pamoja kama ITB. Marekani ikitangaza nafuu ya ushuru, bei zinaweza kuruka siku hiyohiyo. Kabla ya kuzikimbilia, piga hesabu.

1. Soma agizo lenyewe. Tafuta namba ya forodha: 4407 ni mbao zilizopasuliwa, 7411 mabomba ya shaba. Andika na tarehe ya kuanza. Wengi huanguka kwenye mbao za Kanada, kwa sababu zina ushuru wa tabaka mbili: 10% iliyoongezwa Oktoba 2025, na ule wa zamani dhidi ya ruzuku na uuzaji wa bei ya chini mno, uliofika kama 35% Agosti 2025. Ya kwanza ikifutwa, ya pili inabaki palepale. Shaba nayo ina mtego wake: ile 50% ya Agosti 2025 iligusa mabomba na nyaya. Katodi, yale mabamba ya shaba safi mnayoyaona juu ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hazikuguswa.

2. Kokotoa kwa thamani ya mpakani. Aliyewahi kutoa mzigo duane (forodhani) anajua: ushuru haupigwi kwenye bei ya depo. Mfano wa kukadiria: nyumba ya dola 400,000 ina vifaa vya nje vyenye thamani ya dola 12,000 mpakani. Ushuru ukitoka 25% hadi 10%, nafuu ni 12,000 × 15% = dola 1,800. Hiyo ni 0.45% tu ya bei ya nyumba.

3. Uliza nani anabaki na hiyo 1,800. Inapita kwa mwagizaji, kwa muuzaji wa jumla kama Builders FirstSource, kwa fundi wa mkataba, ndipo imfikie mjenzi. Kazi zikiwa chache mafundi hushusha bei. Zikiwa nyingi, kila mmoja hukata chake. Mimi ningeweka nusu, dola 900. Kama faida kabla ya kodi ni 12% (dola 48,000), ongezeko ni karibu 1.9%. Hisa ikipanda 6% kwa habari hiyo peke yake, umeuziwa matumaini. Angalia na upande wa pili: kwa Nucor, mfua chuma wa ndani, ushuru ni ukuta. Ukibomolewa, yeye ndiye anayepata baridi.

4. Linganisha na riba. Hapa ndipo penye uzito. Wajenzi hulipia sehemu ya riba ya mkopo ili mnunuzi akubali kusaini. Mwaka 2025 motisha za Lennar (nafuu kama hiyo kwa wanunuzi) zilipita 13% ya bei. Kwa nyumba yetu, motisha zikipungua kwa asilimia moja tu ya bei, mjenzi anaokoa dola 4,000, zaidi ya mara nne ya ile 900. Kwa hiyo riba ya mkopo wa miaka 30 ichunguze kwanza, ushuru baadaye.

5. Hesabu miezi. Simenti iliyoingia depo kwa bei ya zamani haishuki gharama kwa sababu lori la leo limepita kwa nafuu. Nyumba nayo huingia kwenye mapato siku ya kukabidhi funguo, na zinazokabidhiwa sasa zilijengwa kwa vifaa vya bei ya juu. Tafuta nafuu kwenye faida ghafi ya robo ya pili au ya tatu baada ya agizo. Ripoti ziko bure kwenye EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya SEC, mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani.

6. Ukiamua kununua, weka oda yenye bei ya kikomo, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa. New York hufungua saa 15:30 za Lubumbashi majira yao ya joto, 16:30 majira ya baridi, na dakika za kwanza ndizo zenye bei za vurugu. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, hukatwa kodi ya 30% Marekani, maana Kongo haina mkataba wa kodi nao. Toa makato hayo kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na ada ya dalali.