Jinsi ya kupiga picha za 3D kwa simu moja tu, hatua kwa hatua

Watu wengi wakisikia picha ya 3D wanawaza mitambo mikubwa na kamera ya mamilioni, kumbe unachohitaji ni picha mbili za kitu kilekile, moja ya jicho la kushoto na moja ya jicho la kulia, afu ubongo unamalizia wenyewe. Mwanasayansi Charles Wheatstone alilionyesha hilo kule Uingereza mwaka 1838 kwa michoro ya mkono na vioo viwili, kabla hata kamera haijatangazwa kwa watu, kwahiyo usiniambie simu yako haitoshi.

Mi ndo kazi yangu hii, na kila anayekuja kujifunza namwambia hivi: 3D inatengenezwa pale unaposimama na kupiga, sio kwenye laptopu.

Hatua ya 1: tafuta kitu kilichotulia. Simu ni moja na unapiga mara mbili, kwahiyo chochote kitakachosogea hapo katikati kitakuwa sehemu mbili tofauti na macho ya mtazamaji yatagombana. Mawimbi, majani kwenye upepo, wapita njia, achana navyo kwanza. Mlango wa nakshi, pikipiki iliyopaki, meza ya matunda, hivyo ndo vyenyewe. Hakikisha kuna kitu cha mbele, cha katikati na cha nyuma, maana ukuta mtupu hata kwa 3D ni ukuta mtupu.

Hatua ya 2: pima umbali wa kusogea. Hapa ndo wengi wanapochemka. Macho ya mtu mzima yameachana kama sentimita 6.3 kwa wastani, basi mtu anashika hiyo namba anaitumia kila mahali, hata anapopiga kikombe kilicho karibu na pua yake, matokeo yake picha inaumiza kichwa. Sisi tunatumia 1/30: angalia kitu cha karibu kabisa ndani ya fremu kiko mbali kiasi gani, gawanya kwa 30, hapo umepata umbali wa kusogeza simu. Kiko mita 3? Sogea sentimita 10. Mita 1? Sentimita 3 na kidogo. Nusu mita? Moja na nusu hivi, basi. Ukivuta zumu mara mbili, punguza huo umbali nusu. Ukisitasita kati ya kidogo na kingi chukua kidogo, picha yenye kina kidogo inatazamika, iliyozidi mtu anavua miwani ya 3D.

Vitu vya mbali ni hivyohivyo kinyume chake. Ukiwa Moshi ukaupiga mlima Kilimanjaro kwa umbali wa macho ya kawaida utatoka bapa kabisa, inabidi utembee, tena sana, kama cha karibu kwenye fremu kiko kilomita 3 basi ni mita 100 nzima, na mti wa karibu usiingie kabisa. Fanya haraka maana mawingu hayakusubiri. Mlima utaonekana mdogo kama wa maonyesho ya mezani hivi, kuna wanaolichukia hilo, mi nalipenda.

Hatua ya 3: piga. Bonyeza kioo cha simu kwa muda mpaka fokasi na mwanga vijifunge, la sivyo picha moja itatoka nyeupe kuliko nyingine. Simama miguu imeachana, egemea mguu wa kushoto piga, hamia wa kulia piga. Simu isipande wala kushuka, na usiigeuze kukifuata kitu, isogee pembeni tu ikiwa imetazama mbele vilevile. Kwa vitu vidogo iburuze mezani ukiisindikiza na rula. Anza na kushoto siku zote, baadaye hutajiuliza ipi ni ipi.

Hatua ya 4: zipange. Pakua programu ya StereoPhoto Maker, ni ya bure, ya Windows, kaitengeneza Mjapani anaitwa Masuji Suto. Fungua kushoto na kulia, iambie izilinganishe yenyewe, itanyoosha ulipopinda kidogo. Ukiona vya nyuma vimekuja mbele ujue umezipishanisha, zibadilishe nafasi.

Kisha angalia kingo. Chukulia fremu ni dirisha: kitu kilichokatwa na ukingo kisitokeze nje ya dirisha, mkono uliokatika ukielea hewani unachukiza. Sogeza picha kulia au kushoto mpaka kirudi ndani, ndo ukropu, yaani ukate kingo zilizozidi.

Hatua ya 5: toa picha ya mwisho. Kwa miwani ya rangi, nyekundu inakaa jicho la kushoto na samawati la kulia, programu inachanganya yenyewe. Kwa mkono kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, unachukua chaneli nyekundu (yaani sehemu ya rangi nyekundu tu) ya picha ya kushoto, kijani na bluu za picha ya kulia. Ila nyanya, shuka la Kimasai na chochote chekundu sana kitametameta vibaya kwa sababu jicho moja linakiona cheupe lingine cheusi, hapo geuza jozi yote iwe nyeusi na nyeupe kwanza. Kama mteja ana kile kifaa cha kuvaa usoni cha kuwekea simu, achana na rangi, sevu zikiwa pembeni kwa pembeni, kushoto kushoto na kulia kulia, na rangi zako zote zinabaki.