Somo: Kuchagua Petroli Yenye Oktani Inayolifaa Gari Lako

Namba ya oktani haipimi nguvu ya petroli wala usafi wake. Inachopima ni uvumilivu: petroli inastahimili mgandamizo na joto kiasi gani ndani ya silinda kabla ya kujilipukia yenyewe bila kungoja moto ulioanzia kwenye plagi. Kipimo hicho kilijengwa juu ya vimiminika viwili, isooktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0, kwa hiyo petroli ya 95 ni ile inayostahimili sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za isooktani na sehemu 5 za heptani. Petroli isiyostahimili hulipuka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni, na mlio wake ndio noki. (Fundi wa mtaani akisema injini "imenoki" huwa anamaanisha kuwa imekwama na kufa, mimi hapa nazungumzia mlio unaoweza kuifikisha huko.)

Hatua ya kwanza ni kulisoma gari lenyewe. Fungua kifuniko cha tangi, kisha usome kibandiko kilicho upande wa ndani na kitabu cha gari kama kipo. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kibandiko huwa kwa Kijapani, basi linganisha herufi: レギュラー ni petroli ya kawaida, ilhali ハイオク au プレミアム ni ile ya oktani ya juu. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida isipungue RON 89 (RON ni kipimo cha oktani kinachotumika huko na kwetu pia) na ya juu isipungue RON 96. Usikisie kwa kutazama ukubwa wa injini au mgandamizo wake peke yake, kwa maana Mazda Demio ya Skyactiv ya mwaka 2011 ina mgandamizo wa 14 kwa 1 na bado ilitengenezwa itumie petroli ya kawaida, wakati Subaru Forester ya turbo ya lita 2.0, yenye mgandamizo mdogo zaidi, inadai ya juu, kwa sababu turbo hushindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda.

Hatua ya pili ni kujua namba uliyoisoma ni ya kipimo kipi, na hapa ndipo wengi hupotea. Afrika Mashariki, Ulaya, Japani na nchi za Ghuba hutumia RON. Marekani na Kanada huandika AKI, yaani wastani wa RON na kipimo kingine kiitwacho MON, ambacho hutoa namba ndogo zaidi kwa petroli ileile. Kwa hiyo gari la Marekani lililoandikwa 87 linahitaji takriban RON 91 au 92, na lililoandikwa 91 linahitaji RON 95 au 96.

Hatua ya tatu ni kutofautisha neno "lazima" na neno "inapendekezwa". Gari lililopendekezewa ya juu litakwenda na ya chini yake kidogo, kwa kuwa sensa ya noki itausikia mlio na kompyuta itachelewesha cheche. Utakachopoteza ni nguvu na mafuta kidogo. Lililoandikiwa lazima lisijaribiwe.

Hatua ya mwisho ni sikio. Niliwahi kupanda mlima Kitonga na Forester ya turbo niliyoijaza kwenye sheli moja ya njiani. Kwenye gia ya tatu, mguu ukiwa umekandamiza mafuta, nikasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Nilipoinua mguu ulikoma, nilipokanyaga ukarudi. Nilishusha gia ili injini izunguke haraka bila kuelemewa, nikapanda taratibu mpaka Iringa, nikajaza kwingine, na baada ya tangi la pili mlio ulitoweka. Siwezi kuapa kuwa petroli ile ilichakachuliwa, ila mafuta ya taa yakichanganywa humo oktani hushuka vibaya, na ndiyo sababu mojawapo ya Tanzania kuanza kuweka vinasaba, yaani kemikali za kutambulia mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nina Vitz ya kawaida. Nikiweka petroli ya bei ya juu, itakuwa na kasi zaidi?

Marahaba. Hapana. Injini iliyotengenezwa kwa petroli ya kawaida haina namna ya kuutumia uvumilivu huo wa ziada. Fedha hiyo ibadilishie plagi na chujio la hewa.

Niko Muscat na kitabu cha gari langu kinasema 91 au zaidi. Je, M91, petroli ya RON 91 ya huku, inatosha?

Inatosha, ikiwa 91 ya kitabu ni ya RON.

Ninaweza kuchanganya 91 na 98 kwenye tangi moja?

Unaweza, mradi namba utakayopata isiwe chini ya ile inayodaiwa na gari lako. Nusu kwa nusu utapata takriban 94 au 95.

Mwalimu, sheli za mji wetu zina aina moja tu ya petroli, nami nina gari la turbo linalodai ya juu. Vipi kuhusu zile chupa za kuongeza oktani?

Soma chupa kwa makini, ndugu yangu. Nyingi hutangaza "pointi", na kwa kawaida pointi 10 ni namba moja tu ya oktani, kwa hiyo chupa ya pointi 30 huitoa petroli kwenye 91 na kuifikisha 94 hivi, tena ikiwa umefuata kipimo cha lita kilichoandikwa. Kabla ya kununua, muulize msimamizi wa sheli RON ya petroli anayouza, kwani huenda ile moja iliyopo inatosha. Ikiwa haitoshi, usiliburute gari kwenye gia kubwa mlimani, usilipakie kupita kiasi wakati wa joto kali, na ukisikia kokoto, inua mguu papo hapo.