Umekulia Kigoma na unaogopa papa? Namna ya kuingia baharini bila kufa kwa presha

Wakuu wa mwisho wa reli, hii ni kwa yule ambaye ziwani anaoga toka yuko darasa la pili, anapiga mbizi Kibirizi mpaka wageni wa Dar wanashika vichwa, ila siku akifika Coco Beach au Kigamboni anasimama maji ya magotini anatafuta pezi kwa mbali. Mko wengi, msijifiche. Na ni nyie nyie mkianza kuangalia video za papa usiku hamlali mpaka bando likate. Sikwambii uache kuogopa wala uache kuangalia, nataka tu uoga wako uupeleke sehemu inayostahili. Wa Tabora nanyi someni, bwawa la Igombe sio bahari.

Tuanze na ule ubishi wa kijiweni. Papa ziwa Tanganyika HAMNA. Najua kuna jamaa ataleta hoja ya kina, kwamba mita 1,470 kwenda chini haiwezekani kusiwe na mnyama wa ajabu, sasa mkuu kina ndio kikubwa kweli, duniani ni Baikal ya Urusi tu inayotuzidi, lakini huko chini kabisa hewa ya oksijeni hakuna, samaki wetu wote wanaishi tabaka la juu. Mwingine nilimsikia anasema Uvinza si kuna chumvi, kwa hiyo papa anaweza akaishi, hiyo niliiacha ipite.

Hoja yenye akili ni moja, kwamba kuna papa wanaopanda mito. Hii ni kweli kabisa. Yupo papa ambaye Afrika Kusini wanamwita wa Zambezi, figo zake zinajirekebisha akiingia maji baridi, ameshaonekana mto Amazon mpaka Peru huko, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka baharini, na kwenye ziwa la Nicaragua anajulikana miaka mingi. Sasa ziwa letu linatoa maji upande wa Kongo, Kalemie, kwa mto Lukuga, unaingia Lualaba, unakuwa mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Kwenye ramani njia ipo. Ila kati ya Kinshasa na Matadi kuna maporomoko yamefuatana kilomita kama 350, maji yanashuka karibu mita 270, na hakuna papa wa kupanda pale. Ubishi umeisha, ogeni.

Hatua inayofuata ni kujiuliza huo uoga uliupata wapi. Wengi wetu tuliupata kibanda umiza, muvi imetafsiriwa, DJ anapiga kelele kwamba papa ana kisasi na ile familia na amewafuata mpaka hotelini. Papa hana kisasi na mtu. Kesi iliyowatisha sana Wamarekani ni ya mwaka 1916, pwani ya New Jersey, ndani ya siku 12 waling'atwa watu 5 wakafa 4, na wawili kati ya waliokufa walikuwa kwenye kijito, sio baharini. Kabla ya hapo wasomi wengi wa kule walikuwa wanabisha kwamba papa wa maji yao hawezi kumuua muogeleaji, baada ya hapo wakageuka upande wa pili kabisa na muvi zikafuata huko huko.

Namba za sasa hivi ziko hivi: dunia nzima, kwa mwaka, watu wanaong'atwa na papa bila kumchokoza ni kama 60 mpaka 70, wanaokufa mara nyingi hawafiki 10. Wengi ni wale wanaoteleza na ubao juu ya mawimbi, halafu waogeleaji. Aina za papa zipo zaidi ya 500 na zinazohusika na vifo vingi ni 3 tu, papa mweupe mkubwa, yule wa milia wanamuita taiga, na huyo wa kupanda mito. Upande wa pili, shirika la afya duniani linasema waliokufa maji mwaka 2021 ni kama 300,000. Yaani maji yenyewe ndio yanaua. Na wewe unayetetemeka Coco Beach ukirudi nyumbani unavuka Malagarasi na mtumbwi unaovuja, mamba wapo pale, na unapiga stori na simu.

Kuhusu video na picha za kutumiwa kwenye magrupu, kabla hujasambaza angalia maji na kivuli. Ile ya papa anaogelea barabarani kwenye mafuriko pembeni ya gari inazunguka toka 2011, kila mafuriko yakitokea inahamishiwa mji mwingine. Yule papa alikatwa kwenye picha halisi iliyopigwa Afrika Kusini, alikuwa anafuata mtumbwi mdogo. Ukishaijua hiyo moja utaanza kuzigundua zingine mwenyewe.

Sasa vitendo. Mimi ushauri wangu usianze na maji, anza na soko. Ukifika Dar nenda soko la samaki Feri asubuhi mapema, wakati wa mnada, papa wadogo huwa wanakuwepo wamelazwa pale chini. Omba muuzaji kwa adabu, shikamoo kwanza kama ni mzee, mwambie unataka kumshika tu. Pitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, utaona ngozi ni laini kabisa. Sasa rudisha mkono kinyume. Inakwaruza kama msasa, na ukikazana unaweza ukachubuka, kwa sababu ngozi yote imejaa vijimeno vidogo vidogo vinavyoelekea nyuma. Halafu angalia chini ya pua yake, kuna vitobo vidogo vingi. Vibonyeze, yanatoka maji mazito ya kuteleza. Hivyo vitobo ndio vinavyomwezesha kusikia umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya samaki aliyejificha mchangani, hata gizani. Mimi hapo ndipo uoga wangu ulipogeuka kuwa kitu kingine, sijui nikiiteje, maana unashika mnyama wa ukoo uliokuwepo miaka zaidi ya milioni 400, kabla hata ya miti, na bei yake inatajwa kwa kilo.

Ukitoka hapo kama una hela kula mchuzi wa papa na wali, wa nazi. Mifupa hutaikuta, ni gegedu tupu. (Ila papa wanaisha, wakuu. Papa na taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 toka 1970, kwa hiyo kati yetu na wao anayestahili kuogopa anajulikana.)

Haya, kuingia majini. Hapa ndipo watu wa ziwani tunapokosea, tunaangalia papa wakati bahari ina mambo yake ambayo Tanganyika haina. La kwanza ni maji kupwa na kujaa. Ziwani unaacha ndala na nguo ukingoni, unarudi unazikuta, baharini baada ya masaa mawili matatu zimeshaondoka. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kipindi cha bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti inapita mita 3, yaani pale ulipokuwa umesimama kifuani panaweza kukufunika. Wewe wa Kigoma mwezi unaujua kwa sababu ya dagaa, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawatoki na taa na sokoni bei inapanda, basi mwezi huo huo ndio unaoleta bamvua, na mwezi ukiandama inakuja nyingine. Kabla hujavua shati muulize mvuvi au muuza madafu yeyote, maji yanajaa au yanapwa? Oga yakiwa yanajaa. Yakiwa yanapwa kwa kasi kuna sehemu yanavuta kwenda nje, na ukivutwa usishindane nayo, ogelea kwa ubavu sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo ndio urudi. Hii ndio sentensi muhimu kuliko zote nilizoandika hapa, soma tena.

La pili miguu. Vaa viatu vya mpira, kuna vile vidude vyeusi vya miiba mirefu kwenye mawe, na ukitembea mchangani buruza miguu usiinyanyue, taa akisikia anaondoka mwenyewe, ukimkanyaga atakuchoma na mwiba wa mkia. Konyeza, wale laini kama jeli wanaoelea, wakionekana toka nje, wanawasha vibaya. Na usinywe maji, najua kwetu mtu anaogelea huku anakunywa, hapa utatapika.

Kwa papa sasa, maana ndiye uliyemfuata. Usioge alfajiri wala magharibi jua linazama, ndio muda wao wa kula. Usioge karibu na mdomo wa mto baada ya mvua, maji yakiwa ya tope yeye haoni vizuri na anaweza kujaribu kung'ata kujua wewe ni nini. Usioge wavuvi wanapotupa matumbo ya samaki. Vua cheni na saa ya kung'aa, inafanana na magamba. Usiende peke yako mbali. Ile stori ya kwamba ananusa tone moja la damu kutoka maili kadhaa ni chumvi, pua yake ni kali ila sio hivyo, hata hivyo ukiwa na kidonda kibichi tulia nje. Ikitokea umemuona, usipige piga maji, mwangalie, usimpe mgongo, rudi nyuma taratibu. Aking'ata mpige machoni na kwenye mashavu anapopumulia, toka, na wenzako wakandamize jeraha kwa nguvu bila kuachia mpaka mfike hospitali. Pwani yetu visa vya hivyo ni nadra sana.

Ukishazoea, nenda Mafia. Unapanda boti Nyamisati kule Kibiti, au ndege kama mambo yako safi, unafika Kilindoni. Kuanzia Oktoba mpaka Machi karibu na hapo kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kufika mita 18 ingawa wengi wanaoonekana Mafia ni vijana wa mita 6 hivi. Anakula vijidudu na kamba wadogo kwa kuchuja maji, wewe hauko kwenye menyu. Kila mmoja ana madoa yake, watafiti wanawatambua kwa picha ya ubavuni.

Tafuta nahodha anayezima injini mapema na asiyempitia samaki kwa mbele. Vaa laifu jaketi hata kama ziwani wewe ni bingwa, jaribu miwani ya kuzamia ukiwa ufukweni uone kama inavuja, na kama boti inakuchefua meza dawa kabla ya kuondoka, sio ukishaanza kutapika. Ingia taratibu bila kuruka kwa kishindo, kaa ubavuni mita 3 au 4, mkiani mbali zaidi kwa sababu ule mkia ukikupata hata kwa bahati mbaya utaujua. Usimshike, usimpige flashi. Akianza kuzama muache aende, nahodha atatafuta mwingine.