Jinsi ya kununua nguo bila kumaliza mshahara, hatua kwa hatua kutoka kwa fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani, nipo Ilala, Dar es Salaam, jirani na soko la mitumba la Karume, na siku hizi kazi nyingi ninayoletewa ni kurekebisha nguo ambazo mtu keshanunua, kupunguza kiuno, kukunja pindo, kubadili zipu. Ukikaa kwenye kazi hii unaona tabia za watu za kununua kuliko wanavyoziona wenyewe. Mtu analeta blauzi nne kwa mpigo, zote zinafanana, zote hajawahi kuzivaa, alafu ananiambia fundi fanya haraka sina nguo ya kazini. Hela anatumia, tena nyingi tu, ila inatoka buku tano buku tano mpaka mwezi unaisha hajui imeenda wapi. Naandika hapa vile ninavyowaelekeza wateja wangu, fuata kwa mpangilio maana hatua ya sokoni bila zile za nyumbani haikusaidii kitu.

Hatua ya 1: Toa nguo zote kabatini

Zote kabisa, mpaka zile za kwenye begi juu ya kabati na zilizoko kwa dobi zisubiri zirudi. Mwaga kitandani. Zile unazovaa kila wiki unazijua bila kufikiria, zirudishe. Zilizobaki shika moja moja ujiulize mbona hii siivai, na jibu liandike kwenye simu kwa kifupi: inabana, inaonyesha, haina cha kuvalia nacho, ina joto, nilishonea harusi, imechuja. Ukiendelea utaona kuna jibu linajirudia rudia, na hilo ndo linalokula hela yako. Kwa wadada wengi wa hapa Dar jibu ni joto, yaani zile blauzi za poliesta zinazopendeza sana zikiwa zimetundikwa, ila panda nayo daladala mwezi wa pili, ukishuka Posta mgongo wote umelowa, na ukifika nyumbani ndo basi tena huigusi.

Hatua ya 2: Hesabu kwa kutumia simu

Meseji za malipo zote unazo kwenye simu, M-Pesa, Airtel Money, zote. Rudi nyuma miezi mitatu, andika kila hela iliyoenda kwenye nguo, viatu, fundi, dobi na sare za shughuli. Usimsahau yule dada anayepitisha nguo ofisini, unachukua leo unalipa mshahara ukitoka. Biashara yake ni halali na anatafuta riziki, ila nguo ya mkopo haiumi wakati unaichukua ndo maana unachukua mbili, na kupatana bei na mtu unayedaiwa naye ni ngumu. Jumlisha gawa kwa tatu, hiyo ndo bajeti yako halisi ya mwezi hata kama hujawahi kuipanga. Usijifunge kuikata nusu kwa mara moja hutaweza, anza kupunguza robo, na hiyo hela ya nguo itenge siku mshahara unaingia, iwe kwenye kibubu au laini nyingine, ikiisha imeisha.

Hatua ya 3: Gawanya bei kwa mara utakazovaa

Hapa ndo penye siri yote kwa maoni yangu. Chukua kadeti nzuri ya elfu 25, unaivaa kazini mara mbili kwa wiki, mwaka mzima inakaribia mara 100, kwa hiyo kila ukiivaa imekugharimu shilingi 250. Sasa chukua kitopu cha buku tano ulichokivaa mara mbili kikalegea shingo, kila ukivaa ni 2,500. Kitopu ndo ghali, ghali mara kumi! Nikimfanyia mteja hii hesabu mbele yake huwa ananyamaza kwanza. Kwa hiyo usiogope bei ya nguo utakayoivaa kila wiki, ogopa bei ndogo ya nguo usiyojua utaivaa lini. Na gauni la shughuli la mara moja kodisha, au azima kwa ndugu, hakuna aibu.

Hatua ya 4: Andika orodha, piga picha

Orodha iandikwe kwa mapengo uliyoyaona hatua ya kwanza. Usiandike "nguo za kazini", andika "sketi nyeusi ya kufika magotini, kitambaa kizito". Alafu piga picha nguo zako zile unazovaa kila wiki uwe nazo kwenye simu, ukishika kitu sokoni fungua picha utafute vitatu vya kuvaa nacho. Kama havifiki vitatu kirudishe kwenye meza, hata kiwe kizuri vipi.

Na chukua ile suruali inayokukaa vizuri kuliko zote, itandaze chini, pima kiuno, mapaja na urefu wa ndani wa mguu, andika. Karume hakuna chumba cha kujaribia na saizi za lebo zinachanganya, namba 12 ya wanawake ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, nguo nyingi za Asia ndo ndogo zaidi ya namba iliyoandikwa. Tepu ya kupimia haina uongo, kaa nayo kwenye mkoba.

Hatua ya 5: Sokoni, kagua kama fundi

Belo, yaani robota la mitumba, likifunguliwa asubuhi wafanyabiashara wengine ndo wanachagua kwanza, zile kali zinaondoka na bei yake, zinazobaki zinashuka kadri siku inavyokwenda. Kama unatafuta kitu maalum kama koti wahi asubuhi, kama ni tisheti za kushindia nyumbani nenda jioni wakati wanataka kufunga. Asubuhi kuna faida nyingine, muuzaji anataka mtu wa kumfungulia biashara, ukiwa mteja wa kwanza na unaongea naye vizuri atakuachia.

Ukishika nguo usiangalie mbele kwanza, mbele ndo panapopendeza siku zote. Igeuze ndani nje. Anza na kwapa, pale pakiwa pamekakamaa au pana rangi ya njano haipo sabuni itakayotoa hiyo. Kola, sehemu inayogusa shingo. Alafu inyanyue juu kuelekea kwenye jua, ndo utaona matundu madogo na sehemu zilizosagika.

Suruali ya jinsi kagua katikati ya mapaja, ndo panapoanza kuchakaa, pitisha kidole, kikihisi pamekuwa laini kuliko mguuni acha. Kama ina spandeksi, yaani nyuzi za kuvutika, ivute kiunoni uiachie, ikirudi taratibu au ikabaki imetanuka, au ukasikia vinyuzi vinakatika ndani, lastiki imekufa na mimi fundi siwezi kuifufua. Zipu ipandishe na kuishusha yote usiishie nusu. Kubadili zipu nabadili, ila hiyo ni hela nyingine.

Kitambaa kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja. Usichomoe uzi wa mshono maana uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba, chomoa uzi wa kitambaa chenyewe pale kwenye pindo la ndani. Uchome kwa kiberiti ukiwa umeshatoka pembeni na umemuomba mwenye meza. Pamba inaungua inanuka karatasi na inaacha majivu laini, poliesta inayeyuka inaacha kidonge kigumu cheusi.

Nguo za ndani usinunue mtumba, TBS, shirika la viwango, walishazipiga marufuku na sababu ni afya yako. Hizo nunua mpya Kariakoo, zihesabu kwenye bajeti.

Hatua ya 6: Jumlisha hela ya fundi kabla hujalipa

Watu wengi wanasema nimepata koti kwa elfu 10, fundi atalipunguza. Fundi atalipunguza wapi? Pindo, kiuno, urefu wa mikono, hayo ni madogo. Mabega ya koti sio madogo, inabidi kufumua mikono, bitana, kila kitu, bei yake inaweza kuizidi ya koti lenyewe na bado lisikae kama lilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo koti kama mabega hayajakaa liache, mengine yote yanazungumzika. Suruali vile vile, ikiwa fupi kutoka kiunoni hadi makalio, inakuvuta ukikaa, hiyo hakuna dawa.

Kuongeza upana inategemea na akiba ya kitambaa. Suruali ya suti igeuze uangalie mshono wa nyuma katikati, mara nyingi wanaacha nafasi pale, naweza kukuongezea. Jinsi haina, mshono wake umelaliana na kukatwa karibu. Ndo maana nawaambia wanaosema watanenepa au watapungua, nunua saizi ya mwili ulionao leo.

Ukifika nyumbani loweka kwa sabuni kabla ya kuleta kwa fundi, sio baada, kwa sababu nguo ikirudi ndani baada ya kupimwa unakuwa umelipa bure. Kausha ndani nje na kivulini kama ni ya rangi, jua letu linapausha.

Hatua ya 7: Sare za shughuli

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ndo kubwa, ila ni hela ambayo watu hawaihesabu kama ya nguo. Kichenpati, sendofu, harusi, arobaini, kila moja na kitenge chake, na huwezi kukataa sare ya dada yako. Sikwambii ukatae. Nakwambia kuwa na fungu lake tofauti kwa mwaka, na ujue mapema shughuli zipi ni za damu na zipi unaweza kwenda na nguo uliyonayo inayofanana rangi, kamati nyingi zinakubali ukiwaambia mapema.

Kwa zile unazoshona, namna ya kushona ndo inaamua kama utaivaa tena. Kitenge cha yadi sita wengi wanataka gauni moja refu lenye mikono mikubwa ya mapambo, linavaliwa Jumamosi moja limekwisha. Mimi namshauri mteja ashone vipande viwili, sketi na blauzi, siku ya shughuli vikae pamoja kama gauni, baadae sketi anaivaa ofisini na shati jeupe, blauzi anaivaa na jinsi. Kitambaa hicho hicho, na kwa fundi mwenye roho safi ufundi haupandi sana.

Kitenge chenyewe kiloweke usiku mmoja kabla ya kukipeleka, ili kitoke wanga na kirudi ndani kama kina kurudi, kama kinachuja utajua kwenye maji kabla hakijakuharibia blauzi nyeupe. Na ukifika kwa fundi, kabla hajashika mkasi, mwambie akuachie nafasi ya inchi moja kwenye mishono ya pembeni, asikate karibu, maana akishakata hata mimi sina pa kuongezea.