Sevilla kwa mara ya kwanza: panga safari yako kwa kufuata saa ya tumbo

Wageni ninaowapokea hapa Sevilla, kusini mwa Hispania, huja na orodha ya majengo: hili saa tatu asubuhi, lile saa sita, jingine saa tisa alasiri. Orodha huvunjika siku ya kwanza. Saa tisa alasiri jua la Julai halina huruma, na njaa ikikubana saa kumi na moja jioni unakuta jiko la baa limefungwa zamani. Mimi huwapangia watu kwa kuanzia kwenye chakula, kisha majengo yanapewa nafasi zinazobaki.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40. Usijidanganye kwamba umezoea joto la Dar au Mombasa, huku hakuna upepo wa bahari. Njoo Machi hadi Mei, au Oktoba na Novemba. Angalia kalenda ya Pasaka pia: juma linaloitangulia, yaani Semana Santa, maandamano ya kidini hufunga mitaa hadi usiku wa manane, na wiki mbili hivi baadaye kuna Feria, tamasha kubwa la mji. Ni mambo ya kuona kweli, lakini bei za hoteli hupaa. Kwa safari ya kwanza mimi nasema Novemba.

Hatua ya 2: Visa, kisha njia

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji visa ya Schengen, yaani visa moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Hispania ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam. Aliye Ujerumani au Uholanzi na kibali cha ukaazi halali haombi visa nyingine. Aliye London na pasipoti ya Kenya anaomba. Weka hoteli inayokubali kughairiwa bila malipo mpaka visa iwe mkononi.

Wengi hutua Madrid. Uwanjani panda basi la manjano hadi stesheni ya Atocha, kisha treni ya kasi. Reli hiyo ilifunguliwa 1992, na kwa saa mbili na nusu hivi uko Santa Justa, stesheni ya Sevilla. Tiketi ya treni huwa nafuu ukiinunua wiki kadhaa mapema.

Hatua ya 3: Mahali pa kulala

Santa Cruz, mtaa wa zamani wa Wayahudi, upo karibu na kila kitu, ila vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba teksi itakushusha mbali na utaburuta sanduku juu ya mawe. Mimi napendelea Triana, ng'ambo ya mto Guadalquivir, mtaa wa wafinyanzi na wacheza flamenco, wenye soko lake mwisho wa daraja.

Hatua ya 4: Nunua tiketi mbili tu mapema

Ya kwanza ni ya Alcázar, jumba la kifalme. Tamka jina hilo polepole na utasikia neno letu kasri. Yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Tiketi huuzwa mtandaoni kwa saa maalumu na huisha haraka, hasa za asubuhi. Ya pili ni ya kanisa kuu pamoja na mnara wa Giralda, uliojengwa kama mnara wa msikiti na kukamilika 1198. Karibu njia yote hupandi ngazi mle, unapanda mteremko, ili hata mnyama aliyebeba mtu aweze kufika juu. Tiketi hiyo hukuingiza pia kanisa la Salvador.

Angalizo kwa sisi tunaohesabu saa za Kiswahili: tiketi iliyoandikwa 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Niliwahi kuwa na mgeni aliyefika saa tisa na nusu alasiri, amevaa vizuri na ana furaha zote. Hakuruhusiwa kuingia.

Plaza de España, iliyojengwa kwa maonyesho ya 1929, haina kiingilio. Iache kwa jioni.

Hatua ya 5: Badilisha saa za kula

Chakula cha mchana ni saa 8 hadi saa 10. Majiko mengi hufungwa halafu na kufunguliwa tena saa 2 na nusu usiku. Baa nyingi hazifungui Jumapili usiku au Jumatatu. Kwa hiyo: majengo asubuhi, mlo mzito saa 8, usingizi, matembezi jua likipungua, tapas (vyakula vya sahani ndogo vya baa) usiku. Migahawa inayopika saa 11 jioni ipo, mingi imelizunguka kanisa kuu na ina picha za chakula mlangoni. Nilikula kwenye mmojawapo mwaka wangu wa kwanza, wali wa manjano uliopashwa moto. Sikurudi.

Hatua ya 6: Ziara ya tapas, na iwe usiku wa kwanza

Watu huiweka usiku wa mwisho kama zawadi. Ni kosa. Unachokinunua kwa mwongoza watalii ni ujuzi wa kuagiza, na ujuzi huo una faida ukiwa bado una siku za kuutumia.

Kabla ya kulipa, uliza haya kwa maandishi. Kundi lina watu wangapi? Wakizidi kumi, baa za Sevilla haziwatoshi na mtapelekwa kwenye ukumbi wa watalii. Mtaingia baa ngapi, na chakula ni cha kuonja au cha kushiba? Vinywaji vimo kwenye bei? Kisha piga hesabu yako: tapa moja kwenye baa ya kawaida ni euro 3 hadi 5. Ziara ikitangazwa kuwa ni ya bure, ujue mwongozaji anaishi kwa bahashishi na chakula unajilipia.

Swali kubwa kwa wengi wetu ni nguruwe. Hapa kitimoto hakiko kwenye sahani moja ya kuikwepa, kiko kila mahali. Solomillo na carrillada kwenye baa kwa kawaida ni nguruwe. Salmorejo, supu nzito ya nyanya inayoliwa baridi, hunyunyiziwa vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Mwambie mwongozaji siku kadhaa kabla, siyo mezani. Akijibu "tutaona tukifika", tafuta mwingine.

Mtu wa pwani hatalala njaa. Kuna cazón en adobo, papa aliyelowekwa kwenye siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba, kisha akakaangwa. Kuna boquerones, ndugu wa dagaa, na chocos, ngisi. Kuna espinacas con garbanzos, spinachi na dengu zenye bizari ile ile. Asiyetumia pombe awe macho na neno mosto: kwingine Hispania ni maji ya zabibu, lakini maeneo haya linaweza kuwa divai changa. Uliza: *¿tiene alcohol?*, ina pombe?

Hatua ya 7: Usiku wa pili, nenda mwenyewe

Simama kaunta. Baa nyingine huuza tapa kaunta tu, na ukikaa mezani unaletewa *ración*, sahani nzima. *Media* ni nusu yake. Agiza mbili, kula, hamia baa nyingine. Mkate na zeituni vinaweza kuingia kwenye bili hata kama hukuviomba. Sentensi mbili zinatosha: *¿lleva cerdo?*, kina nguruwe? na *sin jamón, por favor*, bila jamón tafadhali.

Njiani utaona machungwa yamening'inia kila mtaa. Usichume. Ni madanzi, machungu kama shubiri.

Anza na El Rinconcillo, baa iliyopo tangu 1670. Mhudumu huandika hesabu yako kwa chaki juu ya kaunta ya mbao, na ukishalipa anaifuta. Ukitoka sema *hasta luego*, hadi baadaye. Hiyo *hasta* ni ile ile *hata* yetu.