Kupima matumizi ya ardhi yaliyopo kwa ajili ya mpango kabambe wa mji wa pembezoni

Mpango kabambe (master plan), yaani mpango mkuu wa mji, huangalia miaka 20 ijayo, ila hesabu zake zote huanzia kwenye ramani moja: ramani ya matumizi ya ardhi yaliyopo. Kanuni yake ni fupi. Andika kinachofanyika pale siku uliyofika, si kilichoidhinishwa kwenye mchoro wa mipangomiji wala kilichoandikwa kwenye hati. Kiwanja cha shule ambacho leo ni gereji, andika gereji. Mgongano wake na mchoro utajitokeza ofisini ukishaweka tabaka moja juu ya jingine. Mifano hapa ni ya Kibaha, kilometa 40 hivi magharibi mwa Dar es Salaam kwenye Barabara ya Morogoro, lakini Chanika au Bunju, pembezoni mwa Dar, mambo ni yale yale.

Kabla hujatoka ofisini

Tafuta picha ya setelaiti isiyozidi mwaka mmoja. Pembezoni mwa mji, picha ya miaka mitatu ni historia. Kisha kagua mfumo wa kuratibu (namna ramani inavyotaja mahali kwa namba) wa kila ulichopewa. Michoro mingi ya zamani iko kwenye mfumo wa Arc 1960, kanda ya 37 kusini ya UTM, gridi inayopima kwa mita (msimbo wake kwenye programu za ramani ni EPSG 21037), wakati simu na picha za setelaiti hutumia WGS 84 (kwa kanda hiyo hiyo, EPSG 32737). Ukivichanganya bila kubadilisha, viwanja vinahama kwa karibu mita 300 na msikiti unaangukia bondeni.

Ramani za paa zilizochorwa na kompyuta, kama Open Buildings ya Google, zinaokoa muda mwingi wa kuchora. Usiziamini kwa hesabu ya nyumba. Mara nyingi hukosa boma lisilopauliwa, huunganisha mapaa yaliyobanana kuwa jengo moja, na banda la kuku zinalihesabu sawa na nyumba ya kuishi.

Orodha ya matumizi isizidi aina 30. Ikipita hapo wadadisi, yaani wanaokusanya taarifa mtaani, huanza kubahatisha. Weka pia kikomo cha udogo: kwenye ramani ya skeli 1:10,000, kipande cha milimita 2 kwa 2 ni mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Kidogo kuliko hapo kiandike kama nukta, usikichoree mipaka.

Dodoso liwe na vipengele tisa: namba ya eneo (kiwanja au kipande kimoja cha ardhi), matumizi makuu, matumizi ya pili, hatua ya ujenzi, ghorofa, idadi ya kaya, chanzo cha maji, njia ya kufikia (gari, bajaji au miguu), na picha. Jina la mmiliki na kodi anayopokea usiulize. Hayahusiani na matumizi, na ukiuliza tu mtu anakuona wa mamlaka ya mapato. Kila eneo hula dakika nne hivi, kwa hiyo saa sita za kazi ni maeneo 90. Timu 10 za watu wawili wawili zitamaliza maeneo 18,000 kwa siku 20, kama mvua haikuharibu. Ndiyo maana Juni hadi Septemba ni afadhali kuliko masika. Ila ukienda kiangazi, kila bonde uliza maji hufika wapi, kwa sababu utakuta pakavu na mchicha umestawi.

Mtaani

Barua ya halmashauri ipite kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, angalau wiki moja kabla. Kila timu itembee na mjumbe wa eneo. Usiweke alama ya rangi ukutani hata kwa chaki: watu wanaijua X nyekundu na bomoabomoa, na uvumi wa fidia ukishaingia utakuta migomba iliyopandwa jana na misingi iliyochimbwa usiku. Wakazi wengi wa hapa hufanya kazi Dar, kwa hiyo siku za kazi mageti yamefungwa. Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya nyumba, na jioni ndiyo saa ya kuona fremu zipi kweli zinafanya biashara.

Chukua eneo la kawaida la Picha ya Ndege, sehemu mojawapo ya Kibaha: mbele fremu tatu, moja saluni, moja wakala wa pesa za simu, moja imefungwa, nyuma nyumba yenye kaya mbili, pembeni banda la kuku. Matumizi makuu ni yapi? Yale yanayochukua sehemu kubwa zaidi ya ardhi, siyo yanayoonekana barabarani. Hivyo makuu ni makazi, ya pili ni biashara, na banda linaingia kwenye maoni. Mdadisi anayesimama barabarani bila kuzunguka nyuma ataandika biashara, na ukifika mwisho ukanda mzima wa barabara umekuwa soko.

Maeneo ya taasisi yana kosa la upande wa pili. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki, lina shule, nyumba za watumishi na mashamba. Ukilipaka rangi moja ya "taasisi" unaficha hekta nyingi za makazi na kilimo. Ligawe kwa matumizi.

Ardhi inayoonekana tupu

Hapa ndipo ramani nyingi za pembezoni huharibika. Angani unaona pori. Ukiingia unakuta limeshakatwa na kuuzwa viwanja, na mpangaji aliyelihesabu kama akiba ya mji anachora kitongoji kipya juu ya viwanja vya watu. Usikubali neno "wazi" peke yake. Tenganisha shamba linalolimwa, shamba lililoachwa, eneo lililogawanywa lisilojengwa, na pori halisi.

Dalili za mgawanyo ziko chini, si juu: nguzo za zege zilizozama kwenye nyasi, mistari ya minyaa au mkonge, rangi kwenye mikorosho, njia zinazokatana kwa pembe mraba, rundo la tofali lililoota magugu, na kibao "Eneo hili haliuzwi". Kibao hicho kina mmiliki nyuma yake.

Maboma nayo yapewe hatua: msingi, kuta, limepauliwa, linakaliwa. Usiandike "halikaliwi" kwa sababu tu halina madirisha. Tazama kamba ya nguo, pazia kwenye chumba kimoja, ndoo mlangoni. Familia inayolinda ujenzi ni kaya, inatumia maji na watoto wake wanahitaji shule.

Uhakiki

Eneo moja kati ya kila 20 lirudiwe na mtu mwingine asiyeona jibu la kwanza. Majibu yakitofautiana zaidi ya asilimia 10, rudisha kitalu kizima (kundi lote la viwanja jirani). Maeneo yaliyoandikwa "Mengineyo" yakizidi asilimia 3, orodha yako ndiyo yenye kasoro, wadadisi wasilaumiwe.

Piga hesabu ya hekta kwenye UTM. Ramani za mtandaoni hutumia makadirio (namna ya kulaza dunia kwenye karatasi bapa) yanayokuza eneo, na kwa latitudo ya Kibaha ongezeko ni kama asilimia 2: mji wa hekta 15,000 unapata kama hekta 300 za hewa. Jumla ya vipande vyote, barabara zikiwemo, ilingane na eneo la mpango. Isipolingana kuna mianya au vipande vinavyopandana. Hifadhi ya barabara kuu (kwa kawaida mita 30 kila upande toka katikati) na mita 60 za kingo za mto zichorwe ofisini kama tabaka tofauti. Mdadisi asizikadirie kwa macho.

Mwisho chapisha ramani ya kila mtaa kwenye karatasi ya A1, iandike tarehe ya ukusanyaji, ibandike ofisi ya mtaa kwa wiki moja na uache kalamu hapo. Wazee watakuonyesha hasa makaburi ya ukoo yaliyo chini ya miembe, ambayo setelaiti haiyaoni na mdadisi mgeni huyapita.