Namna ya Kumpandisha Mchezaji Chipukizi Bila Kuvuruga Kikosi

Kwa sehemu kubwa ya msimu, klabu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani huwa na kikosi cha wachezaji 26, kwa hiyo chipukizi anapopandishwa kutoka ligi ndogo, lazima atoke mtu ambaye wenzake wamekwisha kumzoea. Kabla ya kumwita, usitosheke na takwimu zake za Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo. Muulize kocha wake wa huko anavyokaa benchi siku ambayo hakupangwa, maana hapo ndipo tabia huonekana.

Akifika, mpe kabati jirani na la mkongwe wa nafasi yake, hasa akiwa mdakaji, yule anayepokea mipira ya mrushaji, ambaye hana budi kujifunza upesi ni mpira wa aina gani kila mrushaji huutegemea anapobanwa. Kisha mpange acheze. Kumleta ili akae tu ni kumpotezea muda, kwa maoni yangu.

Tangu 2022, mchezaji akisharudishwa ligi ndogo mara 5 katika msimu mmoja, harudishwi tena kabla klabu nyingine hazijapewa nafasi ya kumchukua. Usingoje kanuni ikubane: ukimrudisha, meneja amweleze mwenyewe, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, jambo moja au mawili ya kurekebisha, kabla wenzake hawajasikia.